Bibi Niliyemfuta Kwenye Picha ya Kijito

Somo la kusoma kwanza: 1 Wafalme 17:2-7



Kuna kijana amenisumbua karibu mwezi mzima, anataka nifundishe namna ya kupiga zile picha za vijito vya msituni ambazo maji yanaonekana laini kama hariri. Anadhani ni mambo ya kamera ya bei mbaya. Sio. Nitafundisha leo, ila kuna kitu lazima nikisimulie humo humo, maana ufundi wenyewe na kosa langu nilivipata kwenye kijito kimoja, na sijui kuvitenganisha.

Kijito kiko milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, pale mashamba yanapokutana na msitu. Tulipanda na vijana wa VIWAWA wa parokia yetu kwa mafungo ya siku moja, ilikuwa Kwaresima, mvua zimeanza na maji ni mengi. Mimi nilikuwa nimeazima kamera. Wenzangu walipokaa chini kwa tafakari ya kimya, nami nikakaa kimya, ila ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta pembe nzuri ya kupigia. Mungu anisamehe hilo nalo.

Sasa twende kwenye ufundi.

Kamera ina mlango mdogo unaofunguka na kufunga, unaitwa shata. Ukifungua kwa sekunde 1/500, matone yanaganda hewani kama shanga. Ukiuacha wazi kwa sekunde 1/4, maji yanayoanguka kwa nguvu yanakuwa nyuzi nyeupe. Sekunde 1 au 2, nyuzi zinaungana, zinakuwa kitambaa. Ukifika sekunde 30 unapata ukungu mtupu, na hapo kwa maoni yangu maji yamekwisha kufa. Hujui tena kama yalikuwa yanaenda kulia au kushoto. Mimi nabaki kati ya 1/4 na sekunde 1.

Shida ni mwanga. Shata ikikaa wazi muda mrefu mchana wa jua, picha inaungua, inakuwa nyeupe tupu. Kwa hiyo nenda alfajiri, au siku ya mawingu. Na hata kama usingekuwa na shida ya shata, jua likipenya kwenye majani ya msituni linatupa madoa meupe huku na kule, yanaharibu kila kitu. Ukungu wa asubuhi kule Uluguru ni zawadi. Weka ISO 100, tundu la lenzi kwenye f/11. Usipeleke f/22 ukidhani unasaidia, picha yote inapoteza ukali kidogo. Halafu kuna filta ya kuzungusha inayoondoa mng'ao juu ya vitu vyenye maji. Wengi hudhani kazi yake ni kufanya anga liwe la bluu. Jaribu kwenye jani lililolowa: unaizungusha taratibu, ule mweupe unaondoka, na kijani kinatokea kilivyo. Jiwe nalo linaonyesha rangi yake. Filta hiyo hiyo inapunguza mwanga, kwa hiyo shata inaweza kukaa wazi zaidi. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua hiyo.

Kamera isitikisike hata kidogo. Wenye tripodi watumie tripodi. Mimi siku ile nilikuwa na kilo mbili za mchele ndani ya soksi, nikaziweka juu ya jiwe na kamera juu yake, ikatulia vizuri tu. Usibonyeze kwa kidole, weka saa ya sekunde 2 ijipige yenyewe. Simu nyingi za siku hizi nazo zina namna ya kufanya hivi, tafuta kwenye mipangilio ya kamera yako, lakini mchele uko pale pale, simu ya kushika mkononi haitoi kitu.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linalotenganisha picha ya kumbukumbu na picha ya sanaa: usichukue kila kitu. Kijana akifika msituni anataka mlima, anga, miti, maporomoko na rafiki zake watano, vyote ndani ya picha moja. Shuka chini. Piga magoti, hata ingia majini. Chagua mawe matatu na mkunjo mmoja wa maji. Anga liache nje, maana kipande cheupe cha anga kati ya matawi kinavuta jicho lote.

Hapa naomba nimtaje mtu. Eliot Porter alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa 1901, akasomea udaktari Harvard na kufanya kazi ya utafiti, baadaye akaacha yote akapiga picha hadi alipofariki 1990. Wakati wakubwa wa fani walikuwa wakipiga milima mikubwa kwa nyeusi na nyeupe, yeye alipiga kwa rangi vitu vidogo: moss kwenye jiwe, majani yaliyoanguka majini, anga linaloakisiwa kwenye kidimbwi. Alipiga picha bonde la Glen Canyon kwenye mto Colorado, mahali ambapo serikali ilikuwa inajenga bwawa. Kitabu chake, The Place No One Knew, kilitoka 1963, mwaka ule ule maji yalipoanza kulifunika bonde. Watu wakaangalia picha zile wakaelewa kilichopotea, kikiwa kimeshapotea. Jina la kitabu maana yake ni mahali ambapo hakuna aliyepajua. Jina hilo linanikera kidogo, sitaficha. Wanavajo walipajua. Kulikuwa na mabaki ya nyumba za wakazi wa kale mle bondeni, nayo yakaenda chini ya maji.

Nimemtaja Porter kwa sababu hiyo hasa. Turudi Uluguru.

Kijito changu kilikuwa na mawe matatu, mkunjo mzuri, feni zimeinamia maji. Kilikuwa pia na mpira mweusi wa maji uliolazwa kando ya mawe, unashuka kwenda kijijini, umefungwa kamba ya katani mahali palipopasuka. Na kilikuwa na bibi mmoja, amevaa kitenge cha kijani, anafua. Beseni la bluu. Nilimsubiri amalize. Hakumaliza. Wenzangu walikuwa karibu kuitwa kwa sala ya saa sita, basi nikapiga na yeye ndani, sekunde 2.

Sasa angalieni kitu ambacho ufundi huu unafanya. Shata ikiwa wazi sekunde 2, jiwe linatoka kali kabisa kwa sababu halikusogea. Mtu anayeinama na kuinuka hatoki. Anakuwa kivuli, wingu la kijani. Ukiacha sekunde 30 na mtu akapita tu njiani, hatoonekana kabisa, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Kwa hiyo bibi alikuwa tayari nusu amefutika kabla sijafika nyumbani. Ilinichukua dakika kumi kwenye kompyuta kumalizia. Nikafuta wingu la kijani, nikafuta beseni, nikafuta mpira. Nikajaza mawe na feni. Ikawa picha safi kweli kweli, msitu kama siku ya tatu ya uumbaji, mtu hajaumbwa bado.

Parokia yetu ilikuwa inachangia paa la ukumbi wa vijana. Picha ikachapishwa kwenye turubai, ikawekwa kwenye mnada baada ya Misa ya Jumapili, katikati ya mikungu ya ndizi na kuku. Mzee mmoja aliisogelea, akaangalia sana, akaniuliza, "Kijana, hii ni ya kweli, au mmeichezea kwenye kompyuta?"

Nikasema, "Ya kweli kabisa baba, ndivyo palivyo."

Akainunua shilingi 180,000. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Miezi kadhaa baadaye nilipanda tena Morogoro na nakala ndogo ya picha. Nilitaka kumpelekea mtu wa pale, maana niliwahi kusoma kwamba mpiga picha mwenye adabu anarudisha picha kwa wenyeji. Nikamkuta bibi yule yule, yuko nyumbani kwake anachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu. Mmekuja tena na Rozari zenu?"

Nikampa picha. Akaishika mbali na macho, kama wanavyofanya wazee, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. Akacheka. "Hapa ni kwetu. Hili jiwe ndilo ninalofulia." Halafu akanyamaza. "Mbona mpira haupo? Wameuiba?"

Nikamwambia mpira upo bibi, ni picha tu.

"Na siku ile si mimi nilikuwepo? Nilikuona umelala na mchele wako pale." Akaendelea kutafuta na kidole juu ya karatasi, kweli kabisa anajitafuta. "Mimi niko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kueleza habari za sanaa, nikajisikia nasema upumbavu. Akanirudishia picha kwa upole, akasema ule mpira wanaume waliuchangia kaya kwa kaya, na kabla yake watoto walikuwa wanapanda na ndoo kabla ya shule. Akasema kingine ambacho sijakisahau: "Huyo wa Dar es Salaam akiona hivi, atafikiri huku hakuna watu."

Na ni kweli, kijiografia kabisa. Maji ya upande ule wa milima yanashuka hadi mto Morogoro, yanaingia Ngerengere, na Ngerengere unaingia Ruvu. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayosukuma sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam. Msitu wa kileleni umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na chini yake wanaishi watu wanaolima, wanaofua, wanaokunywa. Mimi ninayekunywa maji ya Ruvu kila siku nilipanda hadi karibu na chanzo chake, nikawaondoa waliotangulia kunywa, nikauza.

Wengine mtasema nazidisha. Hata Ansel Adams alifuta. Ni kweli, na kisa chake ni kizuri kukijua. Mwaka 1944 alipiga picha ya macheo juu ya milima ya Sierra Nevada kutokea mji wa Lone Pine. Wanafunzi wa mji huo walikuwa wameandika herufi kubwa L na P kwa mawe meupe kwenye kilima. Adams aliona zinaharibu, akaziondoa kwenye negativu. Lakini alisema wazi kwamba ameziondoa na akaeleza kwa nini, na kuna waliomkosoa. Mimi sidhani alitenda dhambi. Herufi za mlimani si maji ya kunywa ya mtu. Na hakuna aliyemuuliza usoni akamjibu uongo.

Hapo ndipo Padre aliponishika, nilipokwenda kuungama. Nilieleza kirefu habari za kompyuta, kufuta, feni. Yanayosemwa kitubioni hubaki kitubioni kwa upande wake, ila mimi ya kwangu naruhusiwa kuyasimulia. Alinisikiliza, akauliza kitu kimoja tu: "Yule mzee alipokuuliza, ulimjibu nini?" Nikatamani kiti kinimeze.

Nimesoma sana baada ya hapo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikifundisha amri ya nane, ile ya ushuhuda wa uongo, inafika namba 2500 na kuanza kuzungumza habari ya uzuri na sanaa. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea kurasa. Kumbe wameweka makusudi: uzuri na ukweli vinakaa chumba kimoja. Kisomeni chote, hadi namba 2503, ni kifupi. Papa Fransisko naye katika Laudato si', waraka wa mwaka 2015, namba 27 hadi 31 anazungumza habari ya maji, na anaweka kupata maji salama ya kunywa kuwa haki ya msingi ya binadamu. Waraka ule ni wa mazingira, lakini tafuta ukurasa ambao maskini hayupo. Mimi sijauona.

Na sasa lile somo la juu. Wengi tukihubiriwa habari za Elia kwenye kijito cha Kerithi tunasikia kunguru, mkate na nyama, asubuhi na jioni. Ni picha nzuri sana, nabii peke yake bondeni, maji yanapita. Mpiga picha angeishia aya ya 6. Lakini ipo aya ya 7, na inasema kijito kilikauka, kwa sababu mvua haikunyesha nchini. Aliyeandika hakuifuta. Na angalia kinachofuata: Elia anatumwa Sarepta kwa mjane anayeokota kuni, ana konzi ya unga na mafuta kidogo. Kama kijito kingebaki kizuri siku zote, yule mjane tusingemjua. Soma sura yote, usiishie nilipokuandikia pale juu.

Kuhusu swali ambalo huulizwa kila nikifundisha hii, kwamba hata yale maji ya hariri ni uongo kwa sababu jicho haliyaoni hivyo: hapana, siamini hivyo. Kila tone lililopita lilipita kweli. Kamera imeyakusanya ya sekunde nzima ikayaweka pamoja, hakuna ililoongeza wala kulipunguza. Jicho letu ndilo lenye haraka. Mimi nikikaa mbele ya Ekaristi saa nzima ya kuabudu, dakika arobaini za kwanza ni fujo tupu, mawazo matone matone. Mwishoni ndipo kitu kinaanza kuungana. Lakini anayesogea asipotee kwa sababu tu mimi nimeamua kupiga taratibu. Huyo natakiwa kumwangalia kwa macho kwanza kabla sijabonyeza.

Nilimwomba bibi turudi kijitoni. Akakubali, akabadilisha kitenge kwanza, akavaa cha Jumapili. Nikaweka sekunde 1/2, nikamwambia asimame juu ya jiwe lake na ndoo, asitikisike hadi niseme.

"Nisipumue?"

"Pumua bibi, ila usicheke."

Akacheka. Tulirudia mara saba. Ya saba alitulia. Maji yanapita miguuni pake laini kabisa, na yeye katikati ametoka mkali, hata mikunjo ya mkono uliobeba ndoo inahesabika. Mpira umepita kona ya kushoto na ile kamba ya katani. Kiufundi si picha yangu bora. Kuna doa la jua nyuma ya bega lake na sikuliondoa.

Nikachapisha mbili kwa hela yangu. Moja nikaipandisha kwake. Ya pili nikaipeleka kwa yule mzee wa mnada, nikamwambia yote, kwamba aliniuliza nami nikamdanganya, na kama anataka nitamrudishia fedha zake kidogo kidogo, kwa kuwa za mnada zilishaingia kwenye bati. Alinitazama muda mrefu. Fedha akakataa, akasema alilitoa kanisani si kwangu. Picha mpya akaiegemeza ukutani sebuleni, chini ya ile ya zamani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ile ya juu ni nzuri zaidi," akasema. Mimi nami, kwa bahati mbaya, nakubali.

Mke wake akatoka jikoni, anafuta mikono. Akaziangalia zote mbili. Akamwonyesha bibi kwa kidole, akauliza, "Huyu anaitwa nani?"